Namna ya kutafuta na kupata makongamano na ufadhili kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa magonjwa ya kuambukiza

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayefanya utafiti wa malaria, kifua kikuu au usugu wa vimelea dhidi ya dawa hakosi matangazo, kwa kuwa makundi ya WhatsApp ya idara humletea mengi kuliko anavyoweza kuyasoma. Anachokosa ni muda. Tangazo humfikia likiwa limebakiza siku chache, na siku hizo hazitoshi kuandika ikisiri (muhtasari mfupi wa utafiti wako), kumsubiri msimamizi aisome na kupata barua ya mapendekezo. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kutengeneza kalenda, hata kabla ya kuchagua mkutano wowote.

Mikutano mingi ya fani hii hurudi katika majira yaleyale. Mkutano wa mwaka wa ASTMH, jumuiya ya tiba ya kitropiki ya Marekani, kwa kawaida hufanyika kati ya Oktoba na Novemba, lakini ikisiri zake hupokelewa katika nusu ya kwanza ya mwaka, na maombi ya msaada wa safari huambatana nazo. Anayeanza kuuliza mwezi Septemba amebaki mtazamaji. Kongamano la kila mwaka la KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, jijini Nairobi kwa desturi huangukia Februari. Kongamano la afya ya jamii la Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, lilianza mwaka 2021 kwa njia ya mtandao, likaenda Kigali mwaka 2022 na Lusaka mwaka 2023, kwa hiyo mji wake hubadilika. Lile la malaria la Afrika nzima, linaloitwa MIM, halifanyiki kila mwaka: lilikuwa Arusha mwaka 2002, Nairobi mwaka 2009 na Kigali mwaka 2024, na linapotua katika ukanda wetu ni hasara kubwa kulikosa, maana kwa wengi nauli yake ni ya basi. Chukua tangazo la mkutano uliopita, andika tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri, kisha weka ukumbusho miezi minne kabla ya tarehe hiyo.

Anza na mikutano ya karibu. NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, huandaa makongamano ya kisayansi ambako ada ni nafuu na wasikilizaji wanayafahamu mazingira ulikokusanyia sampuli zako. Wapo wanafunzi wanaoidharau mikutano hii wakisubiri ya ng'ambo; naona wanakosea, kwa sababu swali gumu zaidi kuhusu utafiti wa Muheza au Kilombero litaulizwa na mtu aliyewahi kufanya kazi huko, na ni afadhali likukute nyumbani kabla ya kukukuta ugenini au mbele ya watahini wa tasnifu yako.

Kinachoamua mengi, hata hivyo, ni ikisiri. Wanaogawa misaada ya safari kwa kawaida hawajui sura yako wala bidii yako. Wanasoma aya moja ya maneno yasiyozidi mia tatu au karibu na hapo. Kosa linalorudiwa sana ni kuijaza aya hiyo maelezo ya ukubwa wa tatizo, kwamba malaria ni tishio barani Afrika na kadhalika, jambo ambalo msomaji wake analijua tangu zamani, kisha kuimalizia kwa maneno "matokeo yatajadiliwa". Sentensi hiyo humwambia mtathmini kwamba matokeo hayapo. Linganisha na mfano huu wa kubuni: "Kati ya sampuli 412 za damu, 37 (asilimia 9) zilikuwa na vimelea vyenye mabadiliko ya jeni tuliyoyatafuta, na 29 kati ya hizo zilitoka katika vijiji viwili vilivyo mpakani." Hapa msomaji amepata idadi, uwiano na mahali, na tayari ana swali la kukuuliza, nalo ni kwa nini mpakani. Tumia sentensi mbili kwa usuli, moja kwa lengo, mbili au tatu kwa mbinu, na nafasi yote iliyobaki uipe matokeo na maana yake. Kama uchambuzi haujakamilika, toa matokeo ya awali na useme wazi kwamba ni ya awali. Mpe msimamizi rasimu wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, kwani waandishi wenza wote wanapaswa kuridhia jina lao kutumika, na pengine mmoja wao yuko safarini.

Fedha za utafiti zina njia yake. RSTMH, jumuiya ya kifalme ya tiba ya kitropiki ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1907, hutoa ruzuku za hadi pauni 5,000 kwa watafiti wanaochipukia, na mtandao wa ARNTD hutoa ruzuku ndogo kwa Waafrika wanaotafiti magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, kama kichocho na matende. Kwa masomo yenyewe kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, wa DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, na wa OWSD, shirika la wanawake wanasayansi, unaowalenga wanawake wanaosoma uzamivu wa sayansi katika nchi zinazoendelea. Mafunzo ya karibu yapo pia: mpango wa KEMRI na Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, ulioko Kilifi tangu mwaka 1989 hulea watafiti vijana, na SACIDS, kituo cha magonjwa ya kuambukiza katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafuata mkabala wa Afya Moja, unaowaunganisha wataalamu wa afya ya binadamu na wa mifugo.

Soma masharti neno kwa neno. Ufadhili wa "nchi za kipato cha chini" si sawa na ule wa "kipato cha chini na cha kati": Benki ya Dunia iliipandisha Kenya kwenye kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2015, na Tanzania mwaka 2020, hivyo dirisha lililo wazi kwa Mrundi linaweza kuwa limefungwa kwa Mtanzania mwenye shida ileile. Anayeandika barua ya mapendekezo mpelekee wasifu wako, ikisiri na vigezo vya mfadhili. Profesa asiyepewa chochote ataandika kwamba wewe ni mwanafunzi mwenye nidhamu, na sifa hiyo haimsaidii mtu yeyote.

Jihadhari na mikutano ya kitapeli. Barua pepe inayokusifu kupita kiasi, inayochanganya saratani, kilimo na fizikia katika kongamano moja, inayokubali ikisiri yako ndani ya siku mbili na kudai ada papo hapo, ifute.

Hati za safari zishughulikie kabla ya kupata jibu. Pasipoti iwe na uhai wa kutosha. Maombi ya viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimesalia chini ya siku 15. Cheti cha homa ya manjano, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote, kwa hiyo usilipie chanjo mpya kwa sababu tu kadi yako ya zamani inaonyesha miaka kumi. Uliza mapema pia kama mfadhili hukata tiketi mwenyewe au hurudisha fedha baada ya safari, kwani wengine hurudisha, na wakati huo nauli ya Ulaya itatoka mfukoni mwako au kwenye masurufu ya chuo. Kwa namna zote mbili, tunza risiti za hoteli na teksi pamoja na kadi za kupandia ndege, zipige picha siku hiyohiyo kabla wino haujafifia, na uziwasilishe kwa mhasibu ndani ya wiki ya kurudi.