Somo: Konsoli ya siriali imenyamaza, uanzie wapi

Mvua ya jioni hapa Kisumu kwa kawaida huja na radi, na stima ikishapotea na kurudi mara mbili tatu, hakosi mtu ambaye seva yake haipatikani tena kwa mtandao. SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inakataa, ping haijibu. Hapo ndipo konsoli ya siriali inakuwa mkombozi: waya mmoja kutoka laptopu yako hadi nyuma ya seva, bila kutegemea swichi wala anwani ya IP. Lakini wengi wakichomeka waya na kuona skrini nyeusi, wanakimbilia kuzima seva kwa kitufe. Nawasihi msifanye hivyo. Seva iliyopoteza mtandao huenda bado inaandika diskini, na ukiizima kwa nguvu unajiongezea tatizo la pili.

Kabla ya kugusa chochote, soma dalili. Kimya kabisa: shaka waya, poti, au seva ambayo haijaambiwa itumie siriali. Alama za ovyo zisizosomeka: waya ni mzima, kasi ya mawasiliano ya pande mbili ndiyo haipatani. Maandishi yanakuja lakini unachoandika hakifiki: tazama udhibiti wa mtiririko (Hardware Flow Control, pande mbili kupeana ruhusa ya kutuma), kisha waya wa upande wa kutuma.

Hatua ya 1: thibitisha upande wako

Chomeka adapta ya siriali ya USB (ya RS-232, yaani ile yenye plagi ya pini tisa) kwenye laptopu ya Linux, kisha:

`sudo dmesg | tail`

Unatafuta mstari unaotaja `ttyUSB0`. Draiva za chipu za FTDI, Prolific na CH340 zimo tayari ndani ya keneli, kiini cha Linux. Kwenye Ubuntu 22.04, adapta ya CH340 inaweza kuonekana na kutoweka papo hapo, kwa sababu programu ya `brltty`, ya maandishi ya Braille, huinyakua. Kama hakuna anayeihitaji kwenye mashine hiyo, iondoe: `sudo apt remove brltty`. Ukiambiwa "Permission denied", jiongeze kwenye kundi la dialout, kisha utoke na kuingia upya:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Sasa jaribio ambalo watu hulipuuza na ndilo linalookoa muda kuliko yote. Chomoa kebo ya seva. Ikabili adapta kwa mbele, safu ya pini tano ikiwa juu, uhesabu kutoka kushoto. Unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, kisha ufungue picocom, programu ya kuongea na poti ya siriali:

`picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0`

Andika lolote. Herufi zikirudi kwenye skrini, adapta, draiva na programu ni salama, na hakuna sababu ya kuvirudia tena. Zisiporudi, usiisumbue seva. Tatizo liko mezani pako. Ukimaliza, toka kwa Ctrl-A halafu Ctrl-X.

Hatua ya 2: waya

Kompyuta zenye poti ya pini tisa hutuma kwenye pini ya 3 na kupokea kwenye pini ya 2. Ukiziunganisha moja kwa moja, zote mbili zinaongea kwenye waya mmoja na hakuna anayesikia. Unahitaji kebo ya null modem, inayovusha 2 kwenda 3 na 3 kwenda 2, huku 5 ikienda 5. Kebo bapa ya bluu ya ruta za Cisco si lazima ifae: plagi ya RJ45 inaingia vizuri, lakini kila kampuni ina mpangilio wake wa pini.

Mwenye mita asibahatishe. Upande unaotuma, ukiwa umetulia, huweka volti hasi, kati ya -3 na -15. Acha kebo ikiwa kwenye seva, chomoa upande wa laptopu, upime tundu la 2 dhidi ya la 5. Namba zimechorwa kwenye plastiki kwa maandishi madogo mno, kwa hiyo washa tochi ya simu. Ukipata volti hasi, seva inakufikia. Ukipata sufuri, jaribu tundu la 3: volti hasi ikiwa huko, kebo yako haijavushwa.

Hatua ya 3: kasi

Anza na 115200, halafu 9600, kisha 38400, 57600 na 19200. Kwenye picocom huna haja ya kutoka: Ctrl-A kisha Ctrl-U inapandisha, Ctrl-A kisha Ctrl-D inashusha. Bonyeza Enter kila unapobadilisha. Maandishi yakisomeka wakati wa BIOS na kuharibika baadaye, kila ngazi ya kuwaka (BIOS, kisha GRUB inayoipakia Linux, kisha Linux yenyewe) imepewa kasi yake. Zioanishe zote.

Hatua ya 4: seva yenyewe

Hapa utahitaji skrini na kibodi, au mtandao ukirudi. Kwenye `/etc/default/grub` weka:

`GRUB_TERMINAL="console serial"`
`GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200"`
`GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"`

Endesha `sudo update-grub`. Mpangilio wa mstari wa tatu una maana: konsoli inayotajwa mwisho ndiyo inayokuwa `/dev/console`.

Kisha soma hesabu za poti:

`sudo cat /proc/tty/driver/serial`

Utaona kitu kama hiki:

`0: uart:16550A port:000003F8 irq:4 tx:2841 rx:0 RTS|DTR`

Mstari huu unasema mengi. `tx` ikipanda, seva inatuma. `rx` ikibaki sufuri huku unaandika, herufi zako zinapotelea njiani. Na ukikuta `uart:unknown`, Linux haioni poti hapo. Nenda BIOS uangalie kama imezimwa.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kakamega: Mwalimu, naona ujumbe wote wa kuwaka, halafu kimya. Hakuna mahali pa kuweka jina wala nywila.*

Keneli imefanya kazi yake, ila hakuna getty, programu ya kukuuliza jina na nywila, inayokusubiri. Endesha `sudo systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service`, kisha ubonyeze Enter.

*Kutoka Nakuru: Natumia minicom. Maandishi yanakuja vizuri lakini kibodi ni kama imekufa.*

Ndugu yangu, hiyo ni Hardware Flow Control. Minicom mara nyingi huja ikiwa imewashwa, na kebo ya nyaya tatu haina laini za kutoa ruhusa, basi minicom inasubiri milele. Fungua `sudo minicom -s`, nenda Serial port setup, bonyeza F iwe No, halafu uihifadhi kama dfl.

*Kutoka Bungoma: Sisi tuna FreeBSD. GRUB hatuna.*

Kwenye `/boot/loader.conf` weka `boot_multicons="YES"`, `boot_serial="YES"`, `comconsole_speed="115200"` na `console="comconsole,vidconsole"`. Kwenye `/etc/ttys` hakikisha mstari wa `ttyu0` una `onifconsole`. Laptopu yako nayo ikiwa FreeBSD, adapta itaitwa `/dev/cuaU0`.

*Kutoka Kisii: Naweza kutumia adapta hiyohiyo kwenye pini za Raspberry Pi?*

Hapana dada, tafadhali usijaribu. Pini za Raspberry Pi ni za volti 3.3, na adapta ya RS-232 itazipelekea volti za juu zaidi na hata hasi. Utaichoma bodi. Nunua adapta ya USB ya TTL, yaani ya volti ndogo, na uhakikishe imeandikwa 3.3V.

*Kutoka Busia: Seva iko mbali na ina IPMI (mfumo wa kuisimamia seva kwa mbali). Lazima nisafiri na kebo?*

Si lazima, mradi mtandao wa IPMI uko hai. Jaribu `ipmitool -I lanplus -H anwani -U jina sol activate`. Ikiunganika lakini ikabaki kimya, seva nyingi hupeleka konsoli hiyo kwenye `ttyS1`, si `ttyS0`. Badilisha kwenye GRUB, `--unit=1` nayo usiisahau, na uwashe `serial-getty@ttyS1`. Kutoka, andika `~.` mwanzoni mwa mstari. Lakini kama umepitia SSH kwanza, andika `~~.`, la sivyo utakata SSH yenyewe.