Kama unanunua Long-EZ, angalia bawa la mbele
Wandugu wa Lubumbashi mnaotamani Long-EZ, ile ndege ya kujijengea iliyobuniwa na Burt Rutan na iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979: mkipata iliyokwisha jengwa, kwanza ulizeni bawa lake dogo la mbele ni la aina gani. La zamani likilowa mvua hupoteza nguvu ya kuinua, pua inashuka, inabidi uvute stiki (fimbo ya kuongozea ndege). Kupaa nako kunataka kiwanja kirefu zaidi. Na hapa kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano, karibu mita 1,300 juu ya bahari, hewa tayari ni nyepesi! Bawa la mbele alilolichora mbunifu wa mabawa John Roncz linavumilia mvua vizuri zaidi. Wadudu waliogandia ukingo wa mbele wa bawa, wafute kabla hawajakauka. Changarawe nazo ziepuke: propela iko nyuma, inazipokea zote zinazorushwa na magurudumu.