Jinsi ya kuandika historia ya marehemu mama aliyekuwa mwalimu

Kama mmefiwa na mama ambaye alikuwa mwalimu na nyinyi watoto ndio mmeambiwa muandike historia ya marehemu isomwe siku ya mazishi, tafadhali msianze na vyeti. Najua ndio kawaida yetu hapa Uganda, alizaliwa mwaka fulani, akafanya PLE, ule mtihani wa kumaliza primary, akapita, akaenda chuo cha ualimu akatoka na Grade III, yaani cheti cha kufundisha primary, akafundisha shule hii akahamishwa ile, mwisho ameacha watoto na wajukuu, basi. Watu wamekaa kwenye hema tangu asubuhi, hiyo wanaisikia kila msiba, na wanarudi nyumbani hawajamjua mama yenu.

Kabla ya kushika kalamu tafuta watu. Usiku wa matanga ndio wakati mzuri maana wote wako pale kwa moto, walimu wenzake, wanafunzi wa zamani ambao sasa wana mvi, majirani, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Omba ruhusa, washa rekoda ya simu, halafu uliza kitu kidogo. Ukiuliza mama alikuwa mtu wa aina gani watakwambia alikuwa mpole, mcha Mungu, na hapo hujapata kitu. Uliza mtoto akichelewa shule na hajala mwalimu alikuwa anafanya nini? Hapo ndo utasikia habari ya flaski ya uji, kwamba alikuwa anamwita mtoto nyuma ya stafu rum, anampa kikombe wenzake wasione, akimaliza ndo anamuuliza kwa nini amechelewa. Andika hivyo hivyo, na neno "upendo" hutalihitaji tena.

Miaka nayo iunganishe na mambo ambayo watu waliyaishi. UPE, yaani elimu ya primary bila karo, ilipoanza 1997 serikali ilisema watoto wanne kwa kila familia wasome bure na madarasa yakafurika ghafla, sasa kama mama alikuwa anafundisha P1, darasa la kwanza, mwaka ule, waulize wenzake wale watoto wote walikaa wapi, aliwajuaje majina? Halafu shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na zikafunguliwa zote Januari 2022, walimu wengi wa private walikaa bila mshahara. Kama mama alilima au alikaanga chapati kipindi hicho, iandikeni, hakuna aibu yoyote pale, ni heshima.

Lakini kosa ninaloliona sana ni kumgawa, ukurasa wa shule halafu ukurasa wa nyumbani, utafikiri walikuwa wanawake wawili. Alikuwa anasahihisha madaftari na maharage yako kwa moto, kalamu nyekundu mkono mmoja mwiko mkono mwingine, na mshahara uleule ndio ulilipa karo ya watoto wa dada yake. Ziandikwe pamoja kama alivyoziishi. Na kama alikuwa mkali semeni alikuwa mkali, wanafunzi wake watacheka na kutikisa kichwa kwa sababu wanaujua huo ukali na wanajua uliwafikisha wapi.

Majina ya watoto msomee shangazi na wajomba kabla ya kuprinti, wakiwemo wale aliowalea bila kuwazaa, maana mtoto asipotajwa pale mbele ya kaburi hiyo haisahauliki. Habari ya ugonjwa familia ikubaliane kwanza nini kitasemwa.

Urefu isizidi dakika tano hivi, wanasiasa watachukua mic muda wao. Asome mtu mwenye sauti, na wa pili akae karibu na kopi yake, wa kwanza akishindwa na machozi yeye anaendelea palepale. Kama kuna bibi wanaosikia Lusamia au Ateso tu, watafsirieni hata kwa ufupi. Baada ya mazishi msiitupe, watu watazidi kuleta habari nyingine, ziongezeni mpaka siku ya last funeral rites, ile sherehe ya kumaliza msiba, na kopi moja mpelekee hedimasta wa shule aliyofundisha mwisho.