Jinsi ya kufanya sheria ishike mtaani kwenu

Watu wengi hapa Mombasa wakiona video za nchi za wenzetu, mtu amesimama kwa taa nyekundu saa nane ya usiku na barabara ni tupu, husema wale walizaliwa wastaarabu. Si kweli. Mkenya huyohuyo wa kwetu akishuka Dubai hatupi chini hata karatasi ya peremende, kisha wiki mbili baadae yuko Kongowea anarusha chupa kwa dirisha la matatu. Mtu ni yuleyule, ila kule anajua akishikwa hana wa kumpigia simu.

Kwa hivyo kwanza angalia kama sheria yenyewe yamshika kila mtu. Mwakumbuka sheria za matatu za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, Februari 2004? Mikanda, spidi gavana ya kuzuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa, laini ya manjano, matatu abiria 14, hakuna zaidi. Gari ambalo halijatimiza halikutoka, watu wakatembea kwa miguu, na abiria wenyewe wakawa wanakataa kuingia gari limejaa kwa sababu na wao walikuwa wanashikwa. Halafu ikalegea. Hakuna aliyeifuta, ilinunuliwa kidogokidogo kwa noti iliyokunjwa kwenye kiganja cha makanga akimpa askari, na sisi tuko ndani twaangalia simu zetu.

Pa kuanzia ni hapo kwa hiyo noti. Ukisimamishwa usibishane wala usipandishe sauti, sema tu, "Afande, nambie kosa langu, niandikie niende kotini." Basi. Katiba ya 2010 kifungu cha 49 yasema ukishikwa uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, waweza kunyamaza, waweza kuongea na wakili, na ufikishwe kotini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza koti ikifunguliwa kama zile saa zimeishia wikendi. Kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au jela isiyozidi miezi 6 halikuweki rumande. Ukitoa kesh beli, yaani dhamana ya pesa taslimu, stesheni ya polisi dai risiti, hiyo pesa yarudi kesi ikiisha kama hukutoroka. Na ujue sheria ya hongo ya 2016 yamshika anayepokea na anayetoa pia, ndugu yangu, usijifanye wewe ulionewa tu.

Na kama kosa ulilifanya kweli, kubali. Mie nilisimamishwa bila mkanda, nikaambiwa tumalizane hapahapa, nikakataa, nikapoteza siku nzima kotini na faini juu. Iliniuma sana wallahi, lakini tangu siku hiyo siwashi gari kabla sijafunga.

Jambo jingine watu hulisahau, kufuata sheria kuwe rahisi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 faini ilikuwa milioni 2 hadi 4, kubwa kweli, lakini kilichosaidia pia ni kwamba madukani haikupatikana tena na ukienda Marikiti vikapu vipo. Sasa wewe wamgombeza jirani kwa kutupa taka mtaroni, pipa liko wapi? Andikeni barua kaunti muulize pesa za kuzoa taka mtaani kwenu zimetumika vipi, sheria ya kupata habari ya 2016 yaipa kaunti siku 21 kuwajibu. Andikeni watu kumi, msiachie mmoja.

Ukidaiwa au ukidai pesa, usitume vijana wakamtishe mtu. Ipo koti ya madai madogo, mwisho shilingi milioni 1, wakili si lazima, na kesi yatakiwa iishe kwa siku 60. Ukienda beba makubaliano yenu hata kama mliandikiana kwa karatasi ya daftari, na zile meseji za M-Pesa usizifute.