Dafu simuuzii kila mtu: namna ya kunywa ili figo zisikuchokee

Mtu akija na kikapu akaniambia, "Mzee, nikatie madafu matatu ya kumpelekea mgonjwa," mimi namuuliza swali moja tu: mgonjwa anaumwa nini? Wengine hununa, wanadhani natafuta umbea. Kuna dada mmoja alinijibu, "Ni baba, figo." Nikalirudisha panga kwenye ndoo. Nikamwambia kamuulize daktari wake kwanza, akiruhusu uje nikupe bure. Hakurudi mpaka leo.

Nauza madafu hapa Lindi mjini, si mbali na ufukwe, na mengi yanavuka na boti kutoka Kitunda. Kabla ya biashara hii nilikuwa kibarua wa chumvi upande wa Mchinga, miaka kumi na moja. Kule jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye ule weupe wa chumvi. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai ya rangi kikombe kimoja na kipande cha muhogo, basi, hadi jioni. Nikifika nyumbani nafakamia maji kata tatu kwa mkupuo. Kutwa nakojoa mara moja, mkojo wenyewe rangi ya ile chai, na nikaona ni kawaida ya mwanamume wa kazi.

Alfajiri moja maumivu yakanishika ubavu wa kushoto, yakashuka hadi kinenani. Nikitaka kulala siwezi, nikisimama siwezi, natapika nyongo. Ultrasaundi ikaonyesha kijiwe cha milimita sita. Daktari alinidunga sindano ya maumivu, halafu akaniuliza: "Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?" Nikabaki namtazama. Nilijua idadi ya magunia ya chumvi niliyopanga wiki ile, lakini hilo sikulijua.

Alivyonieleza nilielewa haraka kwa sababu ya kazi yangu. Figo zetu mbili, kila moja kama ngumi, kwa siku huchuja kiasi cha lita 180 kutoka kwenye damu. Karibu zote zinarudi mwilini, inayobaki mkojo ni lita moja au mbili. Maji yakiwa machache mkojo unakuwa mzito, na yaliyoyeyuka humo yanaanza kuganda, kama bwawa la chumvi linavyofanya maji yakikaukia juani. Vijiwe vingi ni vya kalsiamu na oksaleti. Mimi nilikuwa navuna chumvi nje na ndani.

Basi anza na mkojo wako. Ukiwa kama maji yaliyodondoshewa ndimu, njano ya mbali, uko salama. Ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa kunywa. Wa kwanza wa asubuhi usikutishe, huo huwa mzito kwa kila mtu. Ila ukiona wekundu, usijitibu kwa maji. Huku kwetu pwani inaweza kuwa kichocho, hasa kwa aliyezoea kuingia madimbwini na majarubani, na inaweza kuwa kijiwe au jambo kubwa zaidi. Nenda ukapimwe.

Pili, yagawe maji kwa saa. Nina chupa ya lita moja na nusu, nimeichora mistari kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Mstari wa juu niwe nimeufikia saa nne asubuhi, wa pili adhuhuri, chupa iishe alasiri. Naijaza tena, naimaliza kabla ya saa mbili usiku, ili nisiamke amke. Mtu mzima mwenye afya, kwa joto letu, lita mbili hadi tatu kwa siku zinamtosha. Aliyewahi kupata kijiwe anatakiwa anywe hadi mkojo wenyewe ufike lita mbili na nusu. Utajuaje? Siku moja ya kushinda nyumbani, kojolea kwenye kopo la lita moja na uhesabu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, lakini mara ya kwanza kopo langu halikujaa kutwa nzima.

Usiende upande wa pili pia. Kumimina lita kwa lita ndani ya saa moja kunaizimua damu mpaka chumvi yake inashuka, na hilo nalo linaua. Na mwenye figo zilizokwisha kushindwa, au moyo uliovimba, kipimo chake cha maji anapewa na daktari, asichukue changu.

Kwa wanaofanya kazi juani, wa chumvi, wa kuokota korosho, wapiga tofali: kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 au 20, usingoje kiu. Najua kule juu Newala maji ni shida, mtu anaona uchungu kubeba dumu zima shambani. Libebe. Kule Nicaragua na El Salvador kuna wakata miwa wengi, vijana kabisa, waliokufa figo bila kisukari wala presha, na wataalamu wanalihusisha jambo hilo na kazi nzito juani huku mwili umekauka. Kinga waliyoanza nayo mashambani ni maji, kivuli na mapumziko. Kivuli cha mkorosho tunacho, tena cha bure.

Na mgongo ukiuma jioni, usikimbilie diklofenaki. Mimi nilikuwa nazimeza kama karanga. Dawa za aina hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mwili uliokauka ndipo zinapodhuru zaidi. Kunywa maji, pumzika. Maumivu yakizidi siku mbili tatu, muone daktari.

Sasa vinywaji. Kahawa chungu ya barazani na chai havina kosa, maji yake yanahesabika, tatizo ni ile sukari ya vijiko vinne. Soda ya chupa ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na kisukari pamoja na presha ndivyo vinavyoongoza kwa kumaliza figo za watu. Zile nyeusi, za kola, zina asidi ya fosforasi, na tafiti zimewahusisha wanaokunywa mbili au zaidi kwa siku na ugonjwa wa figo. Uraka msimu wa mabibo sikukatazi, nami ni mtu wa Kusini, lakini pombe inakuongezea mkojo. Usiufanye maji ya kuondolea kiu baada ya shamba. Nipa, ile pombe kali ya kukeneka, usinisikilizishe. Na bia haisafishi mawe, hilo ni la vijiweni.

Ndimu ndiyo rafiki. Kamua mbili kwenye maji yako ya siku, bila sukari. Ina sitreti inayozuia kalsiamu isigande. Sukutua kinywa baadaye, meno nayo ni yako.

Nirudi kwenye bidhaa yangu. Dafu kwa mtu mzima wa afya ni kinywaji kizuri, sukari yake ni chini ya nusu ya soda. Lakini limejaa madini ya potasiamu: dafu kubwa moja linaweza kuwa na potasiamu ya ndizi mbivu mbili. Figo nzima inatoa ziada bila shida. Figo mbovu inashindwa, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ghafla bila kumuaga mtu. Dawa nyingine za presha, kama enalapril, losartan na spironolactone, nazo huzuia potasiamu isitoke. Ndiyo maana mteja wa kila siku namuuliza na dawa anazotumia. Kama unameza hizo, uliza hospitali kabla ya kuzoea dafu. Na kwa mtoto anayeharisha, dafu halina chumvi ya kutosha. Chukua pakiti ya ORS, koroga kwenye lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa, usikisie.

Ramadhani mpango wangu unabadilika. Naanza futari na tende na glasi mbili za maji, uji, kisha glasi moja kila saa hadi nilale, na mbili kwenye daku. Wenye ugonjwa wa figo waongee na daktari kabla mwezi haujaandama. Daku langu ni wali na maharage yasiyo na chumvi nyingi. Mwaka jana nilitamani ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nikala kipande kizima cha nguru. Saa tano asubuhi ulimi ulikuwa kama kifuu, na madafu mia moja yamenikalia mbele.