Ukitumwa kusemea mikusanyo ya makumbusho kwenye mikutano ya bioanuwai

Jamani, usiende na "makumbusho ni muhimu", hiyo kila mtu ataitikia kwa kichwa halafu hakuna kitakachoandikwa. Nenda na kitu kimoja cha kwenu. Sisi Tanga tuna silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka miaka milioni 66 iliyopita hadi mwaka 1938 dada wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, alipomuona kwenye samaki wa meli ya uvuvi akakataa atupwe, na kwa sababu yule wa kwanza alitunzwa, wavuvi wa Tanzania walipoanza kumtoa kwenye jarife (nyavu za papa) kuanzia 2003 ikajulikana ni nani, mwaka 2009 tukapata hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Hadithi hiyo inasemeka kwa dakika moja.

Pili, soma ajenda mapema utafute ibara yenyewe. Kwa watu wa makumbusho, iliyo muhimu zaidi ni ya Itifaki ya Nagoya ya 2010 (makubaliano ya nchi kuhusu kupata rasilimali za kijeni za viumbe na kugawana faida zake), ibara ya 8(a), inayotaka nchi zirahisishe vibali vya utafiti usio wa biashara. Ila usiombe vibali tu ukanyamaza kuhusu faida! Ua la Usambara lilitoka huku kwetu 1892, mkuu wa wilaya wa Kijerumani akalipeleka kwao, leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, na mikusanyo ya mimea ya kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara, nayo ikahamishiwa Nairobi 1950. Kwa hiyo dai mafunzo, picha za sampuli zirudi, na jina la aliyeokota. Mimi nikishika karatasi ya mmea mkavu naangalia lebo kwanza: mahali, tarehe, jina la bwana mkubwa, lakini yule mwenyeji aliyemuonyesha njia ya msituni mara nyingi hayupo, na hilo linaniuma sana.

Halafu hili ndo wengi wanakosea: ukiwa mwangalizi, yaani huwakilishi nchi, unaongea baada ya nchi, muda ukibaki, na pendekezo lako haliingii bila nchi kuliunga mkono. Sasa wafuate watu wa Ofisi ya Makamu wa Rais, Mazingira, wiki kadhaa kabla, uwape sentensi iliyokamilika, sio ukurasa mzima. Maneno ya rasimu yakiwekwa kwenye mabano ujue bado yanabishaniwa, usilale, kaa nao hadi usiku.

Na nakala ya hotuba wape wakalimani mapema, uisome taratibu.