Kupima Hali ya Miteremko Kabla ya Kuvuka Usambara kwa Miguu Wakati wa Masika

Mwezi Aprili nilimsaidia binamu yangu, aliyepanda kutoka Tanga mjini, kujiandaa kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae kupitia Rangwi. Ninaandika hapa utaratibu niliompa, ambao ndio ninaoufuata ninapowaongoza wageni kati ya Machi na Mei.

Hatua ya kwanza. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ikitolewa tahadhari ya mvua kubwa kwa Mkoa wa Tanga, ahirisha safari.

Hatua ya pili. Pima mvua iliyokwisha kunyesha. Hatua hii niliwahi kuipuuza: baada ya mvua ya siku tatu mfululizo kulipambazuka jua zuri, nikaondoka na wageni wawili, na mbele ya Rangwi tukakuta njia imefukiwa na tope na migomba, ikatubidi kuzunguka kwa saa sita. Mteremko hauangushwi na mvua ya leo peke yake. Maji huzama siku baada ya siku, yakaujaza udongo, yakauongezea uzito na kuulegeza pale unapokutana na mwamba, ndiyo maana ardhi huweza kuporomoka hata mbingu zikiwa nyeupe.

Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, ambalo mdomo na kitako vina upana uleule, ulitege mahali pa wazi, mbali na miti na michirizi ya paa. Kila siku saa moja asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika, kisha mwaga. Ukichelewa hadi adhuhuri, jua litakuwa limekausha sehemu yake. Chupa ya plastiki yenye kitako chenye mabonde itakudanganya, isipokuwa kwanza uijaze maji hadi pale ubavu unaponyooka, uweke alama, na uanzie kupima hapo. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Jumla ya siku tatu ikizidi milimita 100, mimi siondoki. Kwa kazi hii sitegemei programu ya simu hata kidogo, kwa kuwa mvua ya Mombo, kule tambarare, si mvua ya Rangwi. Afadhali mwenyeji wa huko unakokwenda atege kopo lake, akusomee kwa simu.

Hatua ya tatu. Njiani, angalia nyufa mpya, nguzo na miti iliyoinama karibuni, na chemchemi pasipokuwa na chemchemi. Ukiona mojawapo, rudi.

Hatua ya nne. Kijito kikipungua ghafla ilhali mvua inaendelea, usivuke, kwani huenda udongo umeziba korongo huko juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Pandeni upesi pembeni hadi kwenye kigongo, wala msikimbie kuteremka mkifuata korongo.